Fahali na Ndama katika Nira Moja: Kuchagua Vipuri vya Kompyuta ya Michezo kwa Pesa Kidogo

SOMO LA MKUTANO WA KIKUNDI
(Mmoja asome kwa sauti. Msimame kila mwisho wa sehemu, mwulizane kama mmeelewa.)



Katika masoko yetu, kutoka Wote na Emali hadi Mwingi na Mutomo, jioni utaona kibanda cha gemu kimejaa vijana. Ndiyo maana vikundi vya vijana vinauliza: je, nasi tununue kompyuta ya michezo, wenzetu walipe kidogo kidogo, mapato yaingie kikundini? Wazee wengine wanatikisa kichwa. Lakini ngojeni kidogo. Kompyuta yenye nguvu ya kuchezesha gemu ya mpira ndiyo hiyo hiyo inayoweza kutengeneza video ya kwaya na ya harusi, na kuchapa barua za kikundi. Hatari iko katika kununua bila kuelewa, maana pesa hizo si za mtu mmoja. Ni za ndengu, ni za kuku, ni za merigoraundi ya akina mama. Zikipotea, mwethya wenyewe unavunjika.

Shabaha ya somo: mwisho wa mkutano, kila mwanakikundi aweze kumwuliza muuzaji maswali ya maana, hata kama hajawahi kufungua kompyuta.

1. ANZENI NA KAZI, SI NA DUKA

Mtu hachagui jembe kabla ya kuangalia shamba. Andikeni gemu tatu ambazo vijana wa kwenu wanazicheza kweli, na kazi nyingine ambazo mashine itafanya. Kila gemu hutangaza mahitaji yake: prosesa gani, memori kiasi gani, kadi ya picha ipi. Mara nyingi kuna viwango viwili, cha chini kabisa na kinachopendekezwa. Cha chini maana yake gemu itafunguka tu. Mteja anaweza kukasirika na asirudi. Shikeni kiwango kinachopendekezwa cha gemu iliyo nzito kuliko zote tatu. Hiyo ndiyo alama yenu. Msilipe zaidi ya hapo kwa sababu ya sifa.

2. VIPURI NA KAZI ZAKE

Prosesa ni ubongo. Kwa zile za Intel, namba inaonyesha kizazi: i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-8500 ni cha 8, i5-10400 ni cha 10. Usidanganywe na neno i7 peke yake. i7 ya kizazi cha 2 inaweza kuachwa nyuma na i5 ya kizazi cha 8.

Kadi ya picha huchora kila kitu unachokiona kwenye gemu. Kwa michezo, hii ndiyo inayoamua zaidi. Prosesa nyingine zina uwezo mdogo wa picha ndani yake.

Memori ni meza ya kufanyia kazi. GB 16 zinatosha gemu nyingi. GB 8 ni kubanana. Vipande viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, hasa kama picha zinachorwa na prosesa yenyewe. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani hata kidogo. Tena, tangu mwisho wa 2025 bei ya memori imepanda sana duniani, kwa sababu viwanda vinapeleka nyingi kwa mashine za akili bandia. Basi ulizeni bei ya memori kwanza.

Diski ni ghala. Chukueni aina ya SSD, GB 500 hivi. Gemu kubwa moja inaweza kula GB 50 hadi 100.

Madabodi huunganisha vyote. Lazima ikubaliane na prosesa na aina ya memori.

Pawasaplai hugawa stima ndani ya mashine. Ndiyo hudharauliwa, na ikiwa mbovu inaweza kuua vipuri vingine vyote.

Keisi ni nyumba yake. Taa za rangi haziongezi nguvu hata kidogo.

3. NIRA MOJA

Sisi wa Ukambani tunajua: ukifunga fahali na ndama katika nira moja, plau huenda kwa mwendo wa ndama. Kompyuta ni hivyo hivyo.

Tuchukue mfano. Tuseme vijana kumi wana shilingi 45,000. Fundi anawaambia watoe 30,000 kwa kadi kubwa iliyotumika, halafu watafute mashine yoyote ya zamani kwa zilizobaki. Wanafika nyumbani: kadi ni ndefu kuliko keisi, tena inataka waya wa stima ambao pawasaplai hiyo haina. Hata ikiingia, prosesa ya zamani haiwezi kuilisha, inakaa ikingoja. Pesa imelala juu ya kabati. Kadi ya kadiri pamoja na prosesa ya kadiri ingefanya kazi tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kugawa pesa, wekeni robo pembeni kwa vitu vinavyosahaulika: skrini, UPS, kibodi, mausi, nyaya na nauli. Zinazobaki ndizo za mashine.

4. NJIA MBILI

Njia ya kwanza: mashine ya ofisi ya mtumba. Hizi ni kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre. Chukueni ile ya keisi ndefu, si ile nyembamba, maana nyembamba huingiza kadi fupi tu. Pawasaplai zake ni ndogo, na nyingi zina umbo lao wenyewe, hivyo si rahisi kubadilisha. Kwa hiyo tafuteni kadi inayolishwa na tundu la madabodi peke yake. Tundu hilo hutoa hadi wati 75. GTX 1650 ya mwaka 2019 ni mfano mzuri, lakini angalieni, maana nyingine za jina hilo zinataka waya wa ziada. GTX 750 Ti (2014) na GTX 1050 Ti (2016) pia hazina ulafi wa stima, ila NVIDIA iliacha kuzitolea maboresho ya kawaida mwishoni mwa 2025.

Kuna mtego mwingine. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine ya kizazi cha 4 ni rahisi kwa sababu hiyo. Mnaweza kuweka Linux bure, lakini gemu kadhaa za mtandaoni huikataa.

Njia ya pili: vipuri vipya, kwa hatua. Tumejifunza kwa mabwawa ya mchanga. Ukuta haupandishwi wote mara moja. Unapandishwa kwa hatua, mchanga ukae, tope lipite. Anzeni na prosesa yenye picha ndani, kama AMD Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 (wati 65, memori ya DDR4). Inachezesha gemu nyepesi na kufanya kazi za video. Mavuno ya ndengu yakifika, ongezeni kadi ya picha. Lakini msingi uwe kwenye mwamba: tangu mwanzo nunueni pawasaplai ya kuaminika yenye wati za kutosha, na keisi yenye nafasi.

5. STIMA, JOTO NA VUMBI

Je, taa hufifia posho mili ikiwashwa? Basi hapo hapafai mashine bila kinga. UPS hulinda dhidi ya stima kukatika ghafla na kuwapa dakika chache za kuzima vizuri. Mashine isikae sakafuni wala chini ya mabati yenye joto la mchana bila hewa. Ipulizeni vumbi kila mwezi, ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Kitambaa cha kufunika ni cha wakati imezimwa tu.

6. SIKU YA KUNUNUA

Tumeni watu wawili au watatu, mmoja awe mweka hazina. Waulize bei katika maduka matatu na kuandika. Kisha:
- Mashine iwashwe na gemu ichezwe saa nzima kabla ya kulipa. Ikizimika au picha ikikatika, achaneni nayo.
- Kuna kadi za kale zilizobadilishwa jina ili zionekane mpya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huzitambua nyingi. Mwombeni muuzaji aifungue mbele yenu.
- Pawasaplai nyepesi kama kopo tupu, yenye maandishi ya wati nyingi, iogopeni.
- Risiti iandikwe jina la kikundi, namba za vipuri na muda wa dhamana. Bila risiti, hakuna ununuzi.

7. HESABU NA SHERIA

Mashine na skrini zikitumia wati 175 kwa saa 6, hiyo ni yuniti 1.05 kwa siku. Kwa siku 26 ni kama yuniti 27. Zidisheni kwa bei ya tokeni zenu, ongezeni mshahara wa mlinzi na akiba ya matengenezo. Hapo ndipo mtajua wachezaji wangapi wanahitajika kwa siku. Kama hawafiki, kazi ya video na uchapaji ijaze pengo. Kama nayo haitoshi, subirini.

Andikeni pia sheria ukutani. Watoto wa shule wasicheze saa za masomo. Kamari isichezwe kwenye mashine ya kikundi. Kwa walio chini ya miaka 18 hata sheria ya nchi inakataza.

MASWALI YA KUJADILI
1. Gemu gani tatu, na kazi gani nyingine, mashine yetu itafanya?
2. Katika orodha yetu ya vipuri, ndama ni nani?
3. Stima ya kwetu ikoje, na mashine itakaa wapi?
4. Mashine ikiharibika mwezi wa tatu, pesa ya kutengeneza itatoka wapi?

Mwisho, someni pamoja Luka 14:28-30, habari ya mtu aliyetaka kujenga mnara. Kikundi ambacho hakijajibu swali la nne kisiende Nairobi bado. Kifanye hesabu kwanza, mbele ya wanachama wote, kalamu mkononi.