Mbona Mimi Sina Sauti?

Ukitoka hosteli asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika Uluguru, unaiona minara juu ya kilele cha Bondwa, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Minara ile inarusha matangazo kuja kwetu huku chini. Sikuwahi kujiuliza watu wa milimani wenyewe wanasikika wapi, mpaka muhula uliopita nilipojaribu kazi ya kutengeneza makala ya televisheni nikaiharibu.

Nasoma elimu, masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Jiografia. Katika kozi ya zana za kufundishia tulipewa kazi ya kikundi: filamu ya dakika 15 inayoweza kuoneshwa darasani. Tulikuwa watano, bumu halijatoka, kamera ya kuazima. Tukachagua mmomonyoko wa udongo, tukapanda gari la Mgeta kupitia Sangasanga, tukashuka Nyandira siku ya gulio, kabichi na njegere kila mahali.

Mwenyeji wetu alitupeleka kwa bibi mmoja mwenye shamba kwenye mteremko mkali. Tukamwamkia, akaitika, "Marahaba wajukuu zangu," akatukalisha, akatupa pichi. Aliongea karibu saa nzima: shamba ni la ukoo upande wa mama, kama ilivyo kwa Waluguru, lipi amelipumzisha, lipi amewagawia binti zake, na kwa nini kipande cha juu hakigusi. Tulimrekodi yote. Ila sauti ilikuwa na upepo, na kusema kweli tulishaandika maelezo yetu hosteli kabla hata ya kupanda gari. Wakati wa kuhariri tukamzima sauti bibi, tukaweka ya kwangu, nzito kama ya msoma taarifa ya habari: wakulima wa milimani wanaharibu ardhi kwa kukosa elimu.

Aisee, tulijiona tumeiva.

Wiki mbili baadaye tulirudi kumwonesha kwenye kompyuta, maana tulimwahidi. Alitazama mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Huyo anayesema ni nani? Mbona mimi sina sauti?" Mjukuu wake wa darasa la sita akacheka. Mimi nilitamani ardhi ya Mgeta immomonyoke palepale, inimeze.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za watu waliofanya kazi hii kabla yetu. Jina ambalo ningependa kila mwanafunzi wa elimu alijue ni Flora M'mbugu-Schelling, Mtanzania aliyesomea uandishi wa habari Dar es Salaam kisha akaingia kwenye filamu za hali halisi. Mwaka 1987 alitoa Kumekucha, na mwaka 1992 akatoa These Hands, yaani Mikono Hii. Ina dakika 45 tu. Inawaonesha wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji wakiponda kokoto kwenye machimbo nje ya Dar es Salaam.

Mara ya kwanza kuiangalia nilichoka. Nyundo, jiwe, nyundo, jiwe. Hakuna mtu anayekuelekeza ufikiri nini. Nikataka kuisogeza mbele. Baadaye nikagundua kwamba huko kuchoka kwangu ndiko kulikonifundisha: mimi nimechoka kutazama dakika kumi, wao wanaponda kutwa nzima, watoto wakiwa pembeni. Na wanaimba, wanacheza, wanazungumza. Nikilinganisha na sauti yangu ya taarifa ya habari, naona aibu.

Tena angalia tarehe. Mwaka 1992 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri mpaka 1994, na ya kwanza hazikuwa za serikali. TBC kwa jina hili ni ya 2007. Kwa hiyo mama huyu alitengeneza filamu kuhusu Dar es Salaam wakati ambao wakazi wa Dar wasingeweza kuiwasha nyumbani. Filamu ikasambazwa hadi Marekani na kuingia madarasa ya vyuo vya huko. Sijui tumlaumu nani.

Na ile sauti niliyoitumia mimi, kumbe ina historia ndefu. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliweka kituo cha filamu za elimu kule Vugiri, Tanga. Walitengeneza filamu kuhusu safura, kodi na, ndiyo, mmomonyoko wa udongo, wakazizungusha kwa lori Afrika Mashariki na kusini zaidi. Picha zilikuwa bubu; maelezo yalitoka kwenye santuri, yakiwa yametungwa na wenye mradi. Mkulima anaonekana, mwingine anasema. Miaka ishirini hivi baadaye, hapahapa Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi bila kuwasikiliza. Mwaka 1955 watu wakakataa, Matombo kukawa na ghasia, mtu mmoja akapigwa risasi akafa, na mpango wenyewe ukaachwa. Nilisoma hayo nikikumbuka sentensi yangu ya "kukosa elimu", niliyoisema juu ya picha ya bibi ambaye huenda alikuwa msichana wakati ule.

Kwa anayefikiria ajira hii, usidhani ni kamera tu. Mtengenezaji wa makala anatumia muda mwingi kuuliza kabla ya kurekodi, kufuatilia vibali (filamu zina bodi yake, na kijijini kuna ofisi ya mtendaji), na kusikiliza saa nyingi za sauti ili apate dakika chache. Maikrofoni nzuri ina faida kuliko kamera nzuri. Kituo cha umma kinaendeshwa kwa fedha ya wananchi, akiwemo huyo bibi anapolipa ushuru wa kabichi gulioni au kodi iliyomo ndani ya bei ya sabuni. Anayo haki ya kusikika humo, hata kama upepo unavuma.

Tulihariri upya siku tatu kabla ya kukusanya. Wenzangu wawili walipinga, na walikuwa na sababu: maksi. Tuliifuta sauti yangu yote, tukarudisha ya bibi pamoja na upepo wake, tukaandika maneno chini pale alipochanganya Kiluguru. Kipande cha juu cha shamba tukakiacha kwenye kioo sekunde arobaini, yeye akieleza kwa nini hakigusi: mama yake alimwonya kwamba maji ya kijito yanaanzia pale.

Tulipata maksi za chini kuliko kikundi cha jirani. Maoni yalisema ujumbe haukutajwa wazi. Jumamosi ijayo napanda tena Nyandira na kompyuta, na mjukuu wa bibi ameshapiga simu kuuliza kama safari hii yeye yumo.