Hoho ya Kitalu Nyumba: Hesabu Mashina Kabla ya Miche

Ukimwona mkulima anapogoa pilipili hoho kwa mkono uliozoea nyanya, mwombe asimame kwanza. Nyanya ya kitalu nyumba hubakizwa shina moja, na machipukizi ya ubavuni huondolewa. Hoho haikui hivyo. Mche wake hupanda kwa shina moja hadi panda ya kwanza, hapo hugawanyika matawi mawili au matatu, na kila tawi hugawanyika tena. Tunda hukaa kwenye panda. Anayekata ovyo anakata mavuno.

Kwa hiyo amua idadi ya mashina kabla ya kupima nafasi. Kwa familia ya Kenyamonta, mkoani Mara, inayoanza na banda la mita 8 kwa 15, nashauri mashina mawili kwa kila mche. Tengeneza matuta matano ya upana wa mita 1, njia za sentimita 50. Kila tuta libebe mistari miwili iliyoachana sentimita 45, na mche hadi mche uwe sentimita 40. Mstari wa mita 14 unaingia miche 35. Banda zima miche 350, yaani mashina 700. Msiongeze hapo, nawasihi. Miche iliyobanana hufungana majani, hewa haipiti, ubwiri unga unashika na matunda yanabaki madogo.

Ua linalotokea kwenye panda ya kwanza litolewe mapema, maana tunda lake hudumaza mche ungali mdogo. Wiki ya tatu au ya nne baada ya kuhamisha miche, chagua matawi mawili yenye nguvu, kata mengine na machipukizi yote yaliyo chini ya panda. Kisha kila siku 7 hadi 10, katika kila panda mpya, acha tawi moja lipande kwenye kamba. La pili likate ncha, ukibakiza jani moja au mawili. Hayo majani ni kivuli cha tunda. Hoho iliyovuliwa majani huungua jua ubavuni, na mnunuzi wa Mugumu au Sirari hataigusa.

Mkoani Mara kuna hadhari nyingine. Tumbaku inalimwa huku, na kirusi cha batobato ya tumbaku hushambulia hoho pia. Husafiri kwa mikono, nguo na visu. Hata sigara na ugoro huweza kukibeba. Anayetoka kwenye tumbaku anawe kwa sabuni na abadili nguo kabla ya kuingia. Mche wenye batobato ung'olewe kwanza, kupogoa kufuate, na kisu kichovywe kwenye maji ya jiki, sehemu moja kwa tisa za maji. Fanyeni kazi hiyo asubuhi, majani yakishakauka, ili majeraha yakauke mchana.

Haya yote ni ya mbegu za kitalu nyumba, zinazorefuka miezi mingi. Soma pakiti dukani. Ikiwa ni California Wonder, ipande nje, iegemeze kwa mti ikielemewa na matunda, na uondoe machipukizi ya chini tu.