Karo Moja Limevunjika: Vumbi Lake Lisiingie Mapafuni

Baba na mama wenye nyumba wa Kamina, karo la sakafu likipasuka, au likilia utupu ukiligonga, kulibadilisha ni kazi ya saa chache, kisha mnangoja likauke. Hatukuandika kijitabu hiki kwa ajili ya ufundi peke yake. Malalamiko yamezidi: fundi anawasha mashine ya kukatia humo humo sebuleni, nyumba inageuka nyeupe, watoto wanakohoa, na jioni vumbi lote linafagiwa kwa ufagio mkavu. Jambo hilo liishe.

Udongo wa karo, mchanga na simenti vina silika. Mkivikata vikiwa vikavu, silika inakuwa chembe ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona. Vumbi mnaloliona likitua juu ya meza ni lile kubwa. Lile dogo linabaki hewani kwa saa nyingi, linashuka hadi chini kabisa ya mapafu, na halitoki tena. Linaacha makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosi, ambao wachimba migodi wanaufahamu vizuri, na hauna dawa ya kuuponya. Pia unakifungulia njia kifua kikuu, nacho tayari ni kingi katika nchi yetu. Tangu 1997 wataalamu wa kimataifa wa saratani wanaihesabu silika hiyo kati ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Karo moja halitamwua mtu, na hatupendi kuwatisha bure. Lakini kijana mnayemwita leo alikata jana kwa jirani, na kesho atakata kwingine. Kifua chake ndicho kinachobeba nyumba zote hizo.

Kwa hiyo: maji kwanza. Toeni watoto, funikeni vyungu na maji ya kunywa, fungueni madirisha. Lowesheni karo na nafasi zinazolizunguka. Fundi avae miwani ya kazi, maana kipande cha karo kinaruka na kukata kama kioo. Akwangue kwanza simenti ya pembeni, kisha apige katikati kwa patasi na nyundo, akitoka katikati kwenda kando. Anayeanza kuchokoa pembeni anavunja na karo la jirani, na hapo gharama inakuwa mara mbili. Aongeze maji kila vumbi linapoanza kuinuka.

Karo jipya likihitaji kupunguzwa, likatwe kwa kikatio cha mkono kinachochora mstari na kuvunja. Hakitoi vumbi la kutisha. Mashine ya umeme ikilazimika, itumiwe nje, mbali na watu. Msiimwagie maji mashine isiyotengenezwa kwa maji, hata kama inatumia jenereta: umeme unaua papo hapo. Kitambaa au leso usoni haizuii silika. Inayofaa ni barakoa ya FFP2 iliyobana vizuri puani na kidevuni.

Simenti ya zamani iliyobaki chini iondolewe yote, ama karo jipya litasimama juu ya mengine na kuwakwaza wazee. Gundi itandazwe kwa mwiko wenye meno, karo likandamizwe, na ubao ulionyooka ulazwe juu kupima usawa. Msilikanyage kwa muda wa saa 24, ndipo mjaze nafasi za pembeni. Simenti mbichi inaunguza ngozi polepole bila mtu kuhisi; ikigusa mkono, osheni mara moja kwa maji mengi.

Kuhusu fidia ya fundi anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, tuseme kwa kifupi. CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inamlinda, kwa ajali na magonjwa ya kazi, mfanyakazi aliyeandikishwa na mwajiri wake. Fundi wa kibarua cha siku kwa kawaida hayumo. Mengine waulizeni kwenye ofisi yao.

Tunarudia, na tutarudia kila mtaa tunaofika: msifagie vumbi la karo likiwa kavu. Lipanguseni kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kioshwe kabla hakijakauka. Nguo za fundi zisikung'utwe ndani ya nyumba. Vipande vilivyovunjika vifungwe kwenye mfuko wa simenti uliokwisha na vifukiwe, visitupwe njiani ambako watoto wanapita bila viatu.