SOMO: BERINGI ZA SHINGO YA PIKIPIKI

Usukani wa pikipiki ya chama ukianza kuyumba, katibu asiipande tena kwenda vituoni kabla haijachunguzwa. Gurudumu la mbele liinuliwe, usukani ugeuzwe polepole. Ukinasa katikati, vikombe vya beringi vimekwisha kuchimbika, na kukaza nati hakutasaidia. Wako mafundi wabadilishao gololi peke yake, wakaviacha vikombe vya zamani. Huko ni kupoteza fedha ya wanachama, kwani gololi mpya huangukia mashimo yale yale. Vibadilishwe vyote, vya juu na vya chini, na grisi isionewe uchungu. Nati ikazwe mpaka shingo isicheze, nao usukani ungali ukigeuka kwa wepesi. Ikikazwa mno, vikombe vipya navyo vitachimbika.