Robo Sekunde ya Mwenye Bastola

Chukua rula ya shule ya sentimita 30. Mwombe mwenzako aishike kwa juu ining'inie, nawe uweke kidole gumba na cha shahada kwenye sifuri bila kuigusa. Aiachie bila kukuonya. Watu wengi huidaka karibu na sentimita 20, na kitu kinachoanguka hushuka umbali huo kwa takriban sekunde 0.2. Hapo umepima safari nzima: mwanga kuingia jichoni, taarifa kufika ubongoni, amri kurudi mkononi, misuli kukaza. Rudia mara 100. Utapunguza sentimita chache, kisha utakwama. Mishipa ya fahamu ina mwendo wake, na hakuna mwalimu wa kuiharakisha.

Tena hilo ni jambo jepesi, tukio moja na jibu moja. Mwaka 1952 mwanasaikolojia wa Uingereza, William Edmund Hick, aliwapima watu kwa taa 10, kila taa na kitufe chake. Kadiri taa zilizoweza kuwaka zilivyoongezeka, ndivyo walivyochelewa kubonyeza. Kuchagua hula muda.

Sasa tutoke mezani. Mwaka 1983 Dennis Tueller, mkufunzi wa silaha wa polisi wa Salt Lake City, Marekani, aliandika juu ya swali moja: mwenye kisu akiwa mbali kiasi gani bado ni hatari kwa askari ambaye bastola yake imo kiunoni? Askari aliyefunzwa alihitaji takriban sekunde 1.5 kuchomoa na kufyatua. Kwa muda huohuo mtu mzima mwenye afya hukimbia futi 21, yaani mita 6.4. Piga hesabu: robo sekunde tu ya kuduwaa imekula mita nzima. (Baadaye wengi waliigeuza hesabu hii kuwa kanuni ya lini mtu apigwe risasi. Zoezi lilipima muda, basi.)

Kama mishipa haiharakishwi, mafunzo yanafanya nini? Yanapunguza kuchagua. Kuruta anayechomoa bastola kwa mara ya kwanza huwaza kila hatua: fungua kifungo, shika mpini, vuta, elekeza, kutanisha mikono. Baada ya maelfu ya marudio hatua hizo hushonwa zikawa tendo moja, na kazi huhama kutoka sehemu ya mbele ya ubongo, inayotafakari, kwenda kwenye viini vya ndani vinavyotunza mazoea. Wewe dereva, umewahi kukaa kiti cha abiria, ng'ombe akakatisha barabara, mguu wako ukakanyaga breki isiyokuwepo? Ni viini hivyohivyo.

Hofu nayo ina lake. Adrenalini humwagika, moyo hupiga mbio, vidole hutetemeka, macho hung'ang'ania kitu kimoja. Wapo askari walioeleza kwamba hawakusikia milio ya bastola zao wenyewe. Mwaka 2008 taasisi ya RAND ilipochambua kumbukumbu za polisi wa New York za 1998 hadi 2006, ilikuta kwamba katika mapambano ya kurushiana risasi, wastani wa risasi zao zilizopata walengwa ulikuwa asilimia 18. Hao ni watu waliofaulu mtihani wa shabaha.

Na mazoea hayaulizi kwanza. Tarehe 11 Aprili 2021, mjini Brooklyn Center, Minnesota, polisi mwenye miaka 26 kazini alikusudia kutumia Taser, kifaa cha shoti ya umeme alichokivaa upande wa kushoto. Alilitaja jina la kifaa hicho kwa sauti. Mkono wa kulia ukachomoa bastola, na kijana wa miaka 20 akafa. Mahakamani, mtaalamu wa upande wa utetezi alieleza kwamba chini ya taharuki, tendo lililozoeleka zaidi linaweza kuchukua nafasi ya lile lililokusudiwa. Jopo la wananchi lilimtia hatiani hata hivyo, na sioni kama lilikosea. Kujua kwa nini mkono umekwenda kule si kuufutia kosa.

Mazoezi gani yanafaa, basi? Mwaka 2008 mtafiti wa Uholanzi, Raôul Oudejans, alichapisha jaribio dogo. Kundi moja la polisi lilifanya mazoezi dhidi ya mpinzani aliyewajibu kwa risasi za sabuni ya rangi, zinazouma zikikupata. Kundi la pili lilipiga shabaha za maboksi. Mwanzoni wote walilenga vibaya zaidi mbele ya mpinzani kuliko mbele ya boksi. Baada ya mazoezi, kundi la kwanza lililenga sawasawa kotekote. La pili liliendelea kuharibu. Kumbe hata kutenda ndani ya hofu hufanyiwa mazoezi.

Shabaha ya boksi ina kasoro nyingine, nami naiona ndiyo kubwa: kila filimbi ikilia, jibu ni kufyatua. Kuchomoa, kutazama, kuona kwamba mkononi mna simu tu, kisha kuirudisha bastola kiunoni, nalo ni tendo lenye hatua zake. Lisiporudiwarudiwa, siku ya taharuki ubongo hauna pa kulichota. Usiku wa tarehe 4 Februari 1999, jijini New York, polisi wanne walimfyatulia Amadou Diallo, mhamiaji kutoka Guinea, risasi 41. Alichokuwa nacho mkononi ni pochi.