SOMO LA LEO: Mteja akikuuliza "Pro ndo bora?", muulize kwanza ana TV gani

Leo somo ni refu kidogo, weka chai karibu. Linawahusu zaidi tunaouza vifaa vya gemu mtandaoni, ila hata kama unauza simu, friji au spika, kuna kitu utaondoka nacho.

Somo hili nimelilipia mwenyewe. Limenigharimu shilingi laki mbili na themanini.

Ilikuwa hivi. Baba mmoja alinitafuta WhatsApp. Mwanawe alikuwa kamaliza Form Four, kafaulu vizuri, na yeye alikuwa kamuahidi PS. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ipi nzuri kuliko zote?" Mimi bila kufikiri nikajibu, "PS5 Pro, baba. Hiyo ndo mwisho." Sikumuuliza kitu kingine chochote. Niseme ukweli: faida ya Pro moja ilikuwa kubwa kuliko ya PS5 ya kawaida, na kodi ya fremu ilikuwa inakaribia. Akalipa nusu, nikaagiza, mzigo ukafika, akamalizia, akachukua.

Siku ya tatu akaja dukani mwenyewe. Kabeba mashine kwenye boksi lake, na mkono wa pili ana mfuko wenye CD sita za gemu ambazo mtoto alipewa na binamu yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, hii mashine haina mdomo."

Alikuwa anatafuta pa kuingiza CD. Hapakuwepo. Halafu akaongeza kitu kilichoniuma zaidi: "Na mtoto amepakua gemu moja kwa bando, anasema picha ni ileile ya PS5 ya kawaida ya rafiki yake. Sasa hela yote ile nimelipia nini?"

Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikafuatana naye hadi nyumbani kuangalia. Sebuleni kuna TV ya inchi 43, imetunzwa vizuri, hata stika haijabanduliwa. Stika imeandikwa Full HD. Makochi yako upande wa pili wa chumba, kama mita tatu hivi. Pale pale nikajua kosa ni langu. Mashine ilikuwa nzima na mtoto alikuwa sahihi.

Sasa twende kwenye somo.

1. PRO NI NINI HASA?

Wateja wengi wanadhani Pro ni kizazi kipya. Hapana. Ni mashine inayotoka katikati ya kizazi, yenye nguvu zaidi ya kuchora picha, lakini gemu zake ni zilezile.

PS4 ilitoka mwaka 2013, PS4 Pro ikaja Novemba 2016. Microsoft nao wakaleta Xbox One X Novemba 2017. PS5 ilitoka Novemba 2020, PS5 Pro ikafuata Novemba 2024. Mwenye PS4 Pro na mwenye PS4 ya kawaida wanatumia CD moja na wanacheza pamoja mtandaoni. Kwa hiyo anayenunua Pro hanunui gemu mpya, ananunua picha.

Na hata hiyo picha ina ujanja ndani yake. Nguvu ya kuchora ya PS4 ni teraflopu 1.84, ya PS4 Pro ni 4.2. Hiyo ni zaidi ya mara mbili. Lakini picha ya 4K ina vidoti mara nne ya Full HD, kwa hiyo kwa gemu nzito nguvu haikutosha. Walichofanya, gemu nyingi zilichora nusu ya vidoti kwa mpangilio kama ubao wa drafti, kidoti hiki ndiyo, kinachofuata hapana, halafu mashine inajaza mapengo kwa kuangalia picha iliyotangulia. PS5 Pro inatumia akili bandia: inachora picha ndogo kisha inaikuza. Matokeo yanapendeza, sikatai. Ila mteja akikuuliza kama ni 4K kamili kwenye kila gemu, usimdanganye.

2. HESABU YA VIDOTI

Hii ndo hesabu ambayo ingeniokolea laki mbili na themanini:

- TV nyingi za inchi 32 za bei nafuu: 1366 × 768, kama vidoti milioni 1.05
- Full HD: 1920 × 1080, vidoti 2,073,600
- 4K: 3840 × 2160, vidoti 8,294,400

TV ya Full HD haiwezi kuonyesha hata kidoti kimoja zaidi ya hivyo milioni mbili na kidogo. Ukiipelekea picha ya 4K ni sawa na kumimina ndoo nne za maji kwenye ndoo moja.

Kuna faida kidogo inabaki. Mashine inaweza kuchora picha kubwa kisha kuibana iingie kwenye TV ndogo, na kingo za vitu zinakuwa laini. PS4 Pro iliongezewa mpangilio huo kwa wenye TV za Full HD mwaka 2018. Kwa hiyo tofauti ipo, lakini ni ndogo, na mzazi aliyekaa kwenye kochi hataiona.

3. TV IKO UMBALI GANI?

Hapa wauzaji wengi hatuulizi. Hata mwenye TV ya 4K anaweza asione faida yake kama anakaa mbali, maana jicho lina mwisho wake. Nimepiga hesabu kwa jicho zima la kawaida. Ukikaa mbali kuliko hapa, vidoti vya Full HD tayari ni vidogo mno kuviona, kwa hiyo 4K haikuongezei kitu kikubwa:

- Inchi 32: mita 1.3
- Inchi 43: mita 1.7
- Inchi 55: mita 2.2
- Inchi 65: mita 2.6

Yule baba alikuwa na inchi 43 na kochi mita tatu. Hata ningemuuzia na TV ya 4K ya inchi hizo hizo, kijana angelazimika kuvuta kigoda mbele ndo aone alicholipia.

4. ANACHEZA GEMU GANI?

Wateja wangu wengi wanacheza mpira. Gemu ya mpira kinachotakiwa ni mwendo laini, mchezaji ageuke pale unapobonyeza pedi. Mwendo huo unapimwa kwa idadi ya picha kwa sekunde, na gemu kubwa za mpira zilikuwa zinakwenda picha 60 kwa sekunde hata kwenye PS4 ya kawaida. Pro inaongeza ukali wa picha, lakini haimfanyi mtu afunge.

Anayefaidi zaidi ni yule wa gemu za hadithi zenye dunia kubwa, misitu, mvua, majengo. Kwenye PS5 ya kawaida gemu nyingi za aina hiyo zinakulazimisha uchague: picha kali kwa mwendo wa 30, au mwendo wa 60 kwa picha iliyopunguzwa. Mark Cerny wa Sony, alipoitambulisha PS5 Pro Septemba 2024, alisema wachezaji wakitakiwa kuchagua, kama mara tatu kati ya nne wanachagua mwendo. Pro imetengenezwa ili upate vyote viwili kwa pamoja. Kama mteja wako analalamika kuhusu uchaguzi huo, huyo ni mteja wa Pro kweli. Kama hajawahi hata kuusikia, bado.

5. GHARAMA ZINAZOJIFICHA

Tuchukue bei za Marekani wakati Pro inatoka, kabla ya usafiri, ushuru na faida yako:

- PS5 Pro: dola 699.99
- Kifaa cha kusomea CD, kinauzwa peke yake: dola 79.99
- Jumla: karibu dola 780
- PS5 ya kawaida yenye sehemu ya CD: dola 499.99

Tofauti ni dola 280. Kule kwao hela hiyo inatosha TV ya 4K ya inchi 43 ya kampuni za bei nafuu. Na stendi ya kuisimamisha wima nayo inauzwa pembeni.

Huku kwetu CD ni jambo kubwa. Watu wanaazimana, wanabadilishana, wanauza wakishamaliza. Mashine isiyo na mdomo inamnyima mteja hayo yote, inamwachia kupakua tu, na gemu nyingi kubwa zinazidi GB 50. Mwambie apige hesabu ya bando kabla hajalipa. Na akinunua kile kifaa cha CD, mwambie mapema kwamba mara ya kwanza kukifunga kinahitaji intaneti, asije akakupigia saa nne usiku.

6. KWA WENYE VIBANDA VYA GEMU

Nimeulizwa sana inboksi: "Nibadilishe PS4 zangu niweke Pro?" Jibu langu ni hapana. Mteja wa kibanda analipia mechi. Hakuna atakayekuongezea hata shilingi mia kwa sababu ya vidoti, hasa kwenye TV za inchi 32.

Angalia na umeme. PS4 Slim imeandikwa kiwango cha juu wati 165. PS4 Pro za mwanzo zimeandikwa wati 310. Siyo kwamba inakula 310 muda wote, lakini ukiwa na mashine nne zinawaka kutwa nzima, LUKU itakuambia. Na ukinunua Pro iliyotumika, geuza usome namba. Zinazoanza na CUH-70 zinasifika kwa kelele za feni, CUH-72 zimetulia zaidi.

Hela ya kubadilisha mashine weka kwenye pedi mpya, feni ya chumba na viti. Hivyo mteja anavihisi.

7. KWA WEWE MUUZAJI

Usiweke Pro stoo kwa mtaji mdogo. Mtaji wa Pro moja ukikaa wiki sita umesimama, ungekuwa umeshazungusha PS4 Slim kadhaa. Mimi sasa hivi Pro nachukua kwa oda tu, mteja atangulize malipo, na kabla ya kupokea hela namtumia ujumbe huu. Unaweza kuunakili:

"Asante kwa kunichagua, bosi wangu. Kabla hujalipa naomba unijibu manne:
1) TV yako ni inchi ngapi? Nipigie picha stika ya nyuma.
2) Unakaa umbali gani na TV?
3) Unacheza gemu gani zaidi?
4) Unatumia CD au unapakua?"

Ile picha ya stika ni muhimu, kwa sababu wengi wanasema "TV yangu ni 4K" kwa kuwa ni kubwa na bapa. Ukiona namba ya modeli, itafute uhakikishe. Kama tayari ana PS5, aende kwenye mipangilio, sehemu ya skrini na video, aangalie taarifa za picha inayotoka. Pale patasema kama ni 2160 au 1080.

Majibu yakija, ushauri wangu uko hivi:

- TV ni HD au Full HD: PS5 ya kawaida, au PS4 Slim kama hela ni ndogo. Pro hapana.
- Ana PS5 tayari, na TV siyo 4K: aanze na TV.
- TV ya 4K inchi 43 na anakaa mbali: ya kawaida inatosha.
- TV ya 4K inchi 55 kwenda juu, anakaa karibu, gemu za hadithi, intaneti ya uhakika, na hela haimuumizi: muuzie Pro, atafurahi.
- Hana mashine kabisa na anataka Pro kwa ajili ya sifa tu: mweleze yote haya, akisisitiza muuzie. Hela ni yake. Ila awe amejua.

Utapoteza faida ya siku moja moja, sitakuficha. Mwezi uliopita niliwaambia watu wawili wasinunue Pro. Mmoja akachukua ya kawaida kwangu. Mwingine akaenda kuinunua kwa muuzaji mwingine. Ndo biashara.

Na yule baba? Nilimbadilishia. Nikampa PS5 ya kawaida yenye mdomo wa CD na kumrudishia hela iliyozidi. Alitaka kukataa kiasi fulani, anasema na yeye hakuuliza. Nikamwambia, "Baba, wewe uliuliza. Mimi ndo sikukujibu vizuri." Pro iliyofunguliwa boksi ilikaa dukani wiki saba, nikaiuza chini ya nilivyonunua, na nikiweka usafiri hasara ni ile laki mbili na themanini. Kodi ya mwezi ule nilikopa kwa dada yangu.

Wiki mbili baadaye kijana alinitumia video fupi. Amekaa chini kwenye mkeka karibu na TV, anacheza, CD zimepangwa pembeni. Hakuandika kitu.

Kama una swali kuhusu TV ya mteja wako, weka picha ya stika kwenye komenti tusaidiane. Na kama unamjua mtu anayetaka kuagiza Pro wiki hii, mtumie somo hili kabla hajatuma hela.

Tukutane somo lijalo: jinsi ya kukagua PS4 iliyotumika kabla hujaitoa hela.