Somo la TEHAMA: Fundi wa Mbali Asipoiona Skrini Baada ya Mfumo wa Kompyuta Kuhuishwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Tangu siku hiyo kila mwenye kompyuta ya aina hiyo, awe mwalimu mkuu, mhudumu wa zahanati, katibu wa chama cha ushirika au mwenye duka la steshenari, amejikuta mbele ya njia panda: kuhamia Windows 11, kununua kompyuta nyingine, au kuendelea na ile ya zamani huku kinga yake ikidhoofika. Wengi waliochagua kuhuisha mfumo hukutana na jambo wasilolitarajia. Kompyuta huwaka vizuri, kazi huendelea, lakini siku msaada unapohitajika, fundi aliyezoea kuiona skrini kutoka mbali hawezi tena kuingia.

Katika bonde la Kilombero jambo hili si dogo. Mafundi wengi wapo Ifakara mjini, ilhali wanaohitaji msaada wametawanyika hadi Mngeta, Mlimba, Mofu na ng'ambo ya mto. Wakati wa masika, barabara zinapojaa maji na tope, kuibeba kompyuta juu ya bodaboda ni kuihatarisha mashine pamoja na mwenyewe. Msaada wa mbali huokoa nauli, siku ya kazi, na mara nyingine fursa isiyorudi, kama vile dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu lililobakiza saa chache kufungwa. Somo hili linaeleza sababu za msaada huo kukwama baada ya mfumo kuhuishwa, na mpangilio wa kuzichunguza moja baada ya nyingine.

Jinsi skrini inavyosafiri

Katika msaada wa mbali kuna pande mbili. Kompyuta yenye tatizo ni mwenyeji. Kompyuta ya fundi ni mgeni. Picha ya skrini ya mwenyeji husafiri hadi kwa mgeni, na amri za kipanya na kibodi hurudi kutoka kwa mgeni hadi kwa mwenyeji.

Safari hiyo inafanana na kuvuka Mto Kilombero. Kabla ya daraja lililozinduliwa mwaka 2018, msafiri aliweza kufika ukingoni akiwa na nauli kamili na bado akakosa kuvuka, kwa kuwa kivuko hakipo, au foleni ni ndefu, au upande wa pili hakuna wa kumpokea. Msaada wa mbali nao unahitaji mambo manne yatimie kwa pamoja: mwenyeji awe macho, njia iwe wazi, mlinzi wa lango aruhusu, na mgeni atambulike. Kuhuisha mfumo kunaweza kugusa lolote kati ya hayo. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ya uchunguzi ni kutobadilisha mambo matano kwa wakati mmoja. Anayebadilisha kila kitu kwa pupa hata akifanikiwa hatajua kilichoponya, na akishindwa hatajua alichoharibu.

Kwanza ijulikane ni njia ipi inayotumika

Watu husema tu “kuingia kwa mbali”, lakini njia ni zaidi ya moja na hazifanani.

Remote Desktop ya Windows humpa mgeni kompyuta nzima. Mgeni akiingia, skrini ya mwenyeji hujifunga na aliyeketi mbele yake haoni kinachofanyika. Njia hii inafaa ndani ya ofisi moja yenye mtandao wake. Haifai moja kwa moja kwa kompyuta inayotumia bando la simu, kwa sababu kompyuta ya namna hiyo haina anwani ya kudumu inayofikika kutoka nje.

Quick Assist, ambayo nayo ni ya Microsoft, pamoja na programu kama AnyDesk na TeamViewer, hufanya kazi kwa kupitia seva ya katikati. Pande zote mbili huiendea seva hiyo, nayo huwaunganisha. Njia hii hufaa kwa bando la simu, na kwa kawaida mwenye kompyuta huendelea kuona kila fundi anachokifanya.

Ikiwa njia iliyokuwa ikitumika haijulikani, uchunguzi hauna pa kuanzia. Swali hilo liulizwe kabla ya jingine lolote.

Hatua za uchunguzi

1. Je, mwenyeji yuko macho? Mfumo mpya unaweza kuja na mpangilio wake wa kulala. Kompyuta iliyosinzia baada ya dakika chache haitamjibu mgeni. Mipangilio ya umeme ikaguliwe, na muda wa kulala urefushwe wakati kompyuta imechomekwa kwenye umeme.

2. Je, tarehe na saa ni sahihi? Betri ndogo iliyo ndani ya kompyuta ikichoka, saa hurudi nyuma miaka mingi. Mawasiliano salama ya intaneti hutegemea vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yenye tarehe ya uongo huvikataa. Kosa hili huchukua dakika moja kurekebisha, lakini limewahangaisha mafundi wengi kwa saa nzima.

3. Je, toleo la Windows ni lipi? Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Windows 11 Home inaweza kuwa mgeni wa Remote Desktop, lakini haiwezi kuwa mwenyeji. Windows 11 Pro inaweza kuwa vyote viwili. Aliyehuisha mfumo wake wa Pro kwa njia ya kawaida hubaki na Pro. Lakini kama mfumo ulifutwa na kuwekwa upya, huenda aliyeuweka alichagua Home, na hapo Remote Desktop iliyokuwa ikifanya kazi jana haitafanya kazi leo hata mipangilio mingine yote iwe sahihi. Jina la toleo husomwa kwenye mipangilio, katika ukurasa wa taarifa za kompyuta.

4. Je, mlinzi wa lango anaruhusu? Faiwoli ni programu inayochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka. Windows hugawa mitandao katika aina mbili: mtandao binafsi, kama wa ofisini au nyumbani, na mtandao wa hadhara, kama wa hotelini au stendi. Kwenye mtandao wa hadhara kompyuta hujificha isionekane na nyingine. Baada ya mfumo kuhuishwa, mtandao wa ofisi unaweza kuhesabiwa kuwa wa hadhara. Ukaguliwe, na kama kweli ni wa ofisi unaoaminika, urudishwe kuwa binafsi. Faiwoli isizimwe kabisa kwa lengo la kurahisisha mambo. Huko ni kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea.

5. Je, mgeni anatambulika? Watumiaji wengi hufungua kompyuta zao kwa namba fupi ya siri. Namba hiyo ni ya mashine iliyo mbele ya macho tu. Remote Desktop huhitaji nywila kamili ya akaunti. Aliyekaa mwaka mzima akitumia namba fupi mara nyingi amekwisha kuisahau nywila. Tena, katika usakinishaji mpya, Windows 11 humwelekeza mtumiaji kufungua akaunti ya Microsoft, hivyo jina la mtumiaji lililozoeleka huwa limebadilika. Akaunti isiyo na nywila kabisa nayo hukataliwa.

6. Je, programu zinalingana? Toleo la zamani la programu ya msaada linaweza kushindwa kuelewana na mfumo mpya. Pande zote mbili zisakinishe toleo jipya kutoka tovuti rasmi au duka la Microsoft, si kutoka kwenye flashi inayozunguka mtaani.

7. Je, picha ni nyeusi ilhali mawasiliano yapo? Kipanya kikisogea lakini skrini ikabaki nyeusi, dereva ya kadi ya picha ndiyo ya kushukiwa. Ihuishwe, kisha kompyuta izimwe na kuwashwa tena.

Kuna nyakati ambazo kosa si la mtumiaji. Mapema mwaka 2025, sasisho la Windows 11 toleo la 24H2 lilisababisha mawasiliano ya Remote Desktop na baadhi ya seva za zamani kukatika baada ya sekunde 65. Microsoft ilitoa marekebisho katika sasisho la baadaye. Tatizo likijirudia kwa muda uleule kila mara, ni busara kukagua kama kuna sasisho jipya kabla ya kuilaumu kampuni ya simu.

Wasiotumia Windows

Kwa wenye kompyuta za Apple, tangu macOS Catalina ya mwaka 2019 kila programu inayotaka kuonyesha skrini lazima ipewe ruhusa ya kurekodi skrini, na inayotaka kuongoza kipanya ipewe ruhusa nyingine. Fundi akiona picha ya ukutani tu bila madirisha yaliyofunguliwa, ruhusa ya kwanza ndiyo inayokosekana. Akiona kila kitu lakini hawezi kubofya, inakosekana ya pili.

Kwa wanaotumia Ubuntu, kuanzia toleo la 22.04 la mwaka 2022 kompyuta nyingi huonyesha picha kwa mfumo uitwao Wayland, ambao hauruhusu programu moja kuchungulia skrini nzima bila idhini. Programu za msaada za zamani hushindwa hapo. Suluhisho ni kusakinisha toleo jipya la programu, au kutumia huduma ya kushiriki skrini iliyomo ndani ya Ubuntu yenyewe.

Mfano wa kufuatisha

Chukulia kijana mwenye steshenari huko Mngeta ambaye huwasaidia wahitimu wa kidato cha sita kujaza maombi ya mkopo. Baada ya kompyuta yake kuwekewa Windows 11, printa imegoma. Mwanafunzi ameketi kwenye benchi na fomu inayopaswa kuchapwa, kusainiwa na kupandishwa mtandaoni kabla ya usiku. Fundi yuko Ifakara, naye anajaribu kuingia kwa Remote Desktop kama alivyokuwa akifanya duka hilo lilipokuwa mjini, lakini hapati jibu.

Kompyuta iko macho. Tarehe ni sahihi. Toleo ni Home. Uchunguzi wa Remote Desktop unaishia hapo, na hakuna haja ya kugusa faiwoli wala nywila. Wawili hao wanahamia Quick Assist. Fundi anaingia kwa akaunti yake, anapata msimbo, na kuusoma kwa simu. Mtandao ni mzito, programu inachelewa kufunguka, na kijana anapoandika msimbo unakataliwa, kwa kuwa hudumu dakika 10 tu. Fundi anatoa mwingine, na safari hii kijana amekwisha kufungua dirisha la kuuandikia. Picha inafika.

Fundi anaanza kusakinisha dereva ya printa. Ghafla upande wake unakuwa mweusi. Si hitilafu. Windows inauliza kama mabadiliko yaruhusiwe, na swali hilo huonyeshwa kwa mwenye kompyuta peke yake. Kijana anabofya kukubali, picha inarudi, na baada ya dakika chache fomu inatoka kwenye printa. Kama wangeanza kwa kufuta mfumo na kuuweka upya, jua lingezama fomu ikiwa bado tupu.

Mlango uliofunguliwa ufungwe

Anayemruhusu mtu kuiongoza kompyuta yake amemkabidhi ufunguo wa nyumba. Matapeli nao wanalijua hilo. Mtu asiyejulikana akipiga simu na kudai kuwa ni fundi wa benki, wa mtandao wa simu au wa Microsoft, kisha akataka programu ya msaada isakinishwe, simu ikatwe. Msaada halali huanza kwa mwenye tatizo kumtafuta fundi anayemfahamu. Ujumbe mfupi wa kitapeli unaweza kutumwa kwa namba 15040 iliyotengwa kwa taarifa hizo.

Wakati wa msaada, mwenye kompyuta asiondoke mbele ya skrini. Namba ya siri ya benki au ya pesa mtandao isiandikwe fundi akiwa anatazama. Nyaraka zenye majina ya wagonjwa, wanafunzi au wateja zifungwe kwanza. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kazi ikiisha, mawasiliano yakatwe na mwenye kompyuta mwenyewe, na programu iliyowekewa nywila ya kuingia wakati wowote iondolewe nywila hiyo. Kwa kompyuta za ofisi za umma, msaada uombwe kupitia Kitengo cha TEHAMA cha halmashauri, si kwa fundi wa mtaani.

Kabla ya kuhuisha mfumo

Uchungu mwingi huepukika kwa maandalizi ya nusu saa. Yaandikwe kwenye daftari mambo haya: toleo la Windows lililopo, jina kamili la mtumiaji, programu ya msaada inayotumika, na aina ya printa. Nywila kamili ijaribiwe ukingali unaikumbuka, na mafaili muhimu yanakiliwe kwenye diski ya nje. Baada ya kuhuisha, fundi aombwe ajaribu kuingia siku hiyohiyo, kukiwa na nafasi ya kurekebisha, badala ya kusubiri siku ya dharura. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kompyuta yenye Windows 11 Home haiwezi kufunguliwa kwa Remote Desktop hata nywila ikiwa sahihi?
2. Fundi anaona skrini nyeusi wakati wa kusakinisha programu kwa Quick Assist. Mwenye kompyuta atazame nini kwanza?
3. Tarehe ya kompyuta inaonyesha mwaka 2015. Hilo linazuiaje msaada wa mbali?
4. Taja mambo matatu ambayo mwenye kompyuta anapaswa kuyafanya kabla na baada ya kumruhusu fundi kuingia.